Orodha Nyeupe, Orodha Nyeusi

Saa mbili asubuhi, Eulalie Nabintu ameketi katika ofisi ya mkuu wa shule moja ya sekondari huko Bagira, Bukavu. Wazazi wapatao ishirini wamejaa mlangoni, simu mkononi.

Eulalie, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, hutengeneza kurasa za mtandao. Jumatatu aliweka matokeo ya mwaka ya shule hiyo mtandaoni. Baadhi ya simu ziliuonyesha ukurasa mweupe, nyingine mweusi, na kufikia Jumanne mtaa mzima ulikuwa unanong'ona kwamba ziko orodha mbili: nyeupe ya watoto wa kawaida, na nyeusi ya wale ambao wazazi wao wamepita mlango wa nyuma.

"Tuambie, liste ya kweli ni gani," anasema papa Ezéchiel, fundi viatu. Binti yake amefeli.

Eulalie anaeleza kwamba hakuchagua rangi yoyote. Aliuacha ukurasa ufuate rangi ambazo kila msomaji ameziweka katika simu yake. Mama yake mwenyewe ana macho mabovu, na mwanga wa kurasa nyingi nyeupe humtesa.

Maelezo hayaingii. Mkuu wa shule, Barthélemy, anamwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba wazazi wasiporidhika, hatapata tena kazi katika shule yoyote ya hapa.

Basi Eulalie anamwomba papa Ezéchiel abadilishe rangi za simu yake mwenyewe. Yeye haigusi, anaelekeza tu. Ukurasa mweupe unageuka mweusi kiganjani mwa fundi. Majina hayasogei. La binti yake liko palepale: asilimia arobaini na nne.

Maman Rosalie, mmoja wa wazazi, ambaye mwanga mkali humtoa machozi, anainua simu yake nyeusi.

"Hii mwaka nimesoma miye mwenyewe," anasema. "Zamani mutu alikuwa ananisomea, na sikujua kama ananidanganya."

Wazazi wanaanza kutawanyika. Papa Ezéchiel habanduki.

"Rangi nimeelewa," anasema. "Asilimia bado. Makaratasi ya alama ya walimu iko wapi?"

Barthélemy anajibu kwamba kabati limefungwa na ufunguo hauko. Eulalie anamtazama. Eulalie mwenyewe aliletewa orodha iliyokwisha kupigwa chapa. Karatasi za walimu hakuziona, wala hakuuliza.

Nje ya lango anasema kazi hii hataiacha, anataka shule zote za Bagira ziwe na kurasa ambazo mama yake anaweza kuzisoma.

"Lakini mwaka ujao," anasema, "sitaweka hata jina moja kama sijaona makaratasi ya walimu na macho yangu."