Jina Nililompa Mpiga Ngoma

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, Bishar huongea redioni. Ni kipindi cha Kiswahili, cha walimu, wauguzi na askari waliotoka bara, na cha vijana wetu wanaojifanya wamechoshwa na nyimbo za nyumbani. Anaweka jazz, anaweka rock, kisha anaeleza. Watu wanampenda. Nawasikia pale ninapouzia maziwa ya ngamia, Soko Mugdi, wakisema, "Yule mzee ana sikio!" Mimi naendelea kupima maziwa. Sikio wanalolisifu liko kichwani mwangu.

Bishar alikuwa mume wangu. Tulioana Habaswein, akanileta Garissa, tukakaa Bula Iftin. Alikuwa dereva wa mhandisi mmoja wa visima, mgeni kutoka ng'ambo, na mhandisi alipomaliza kazi yake alimwachia sanduku la kaseti na redio kubwa ya betri. Sanduku hilo lilikuwa limepigwa na jua nyuma ya gari mwaka baada ya mwaka, gundi ikayeyuka na karatasi zote zenye majina zikabanduka. Hapakuwa na wa kutuambia nani alikuwa nani. Bishar alisikitika, kwa sababu yeye alisoma hadi darasa la nane. Kwangu ilikuwa sawa tu. Hata yangekuwapo, majina hayo nisingeyasoma.

Hata mhandisi alipoondoka, yeye alibaki dereva wa visima, mtu wa safari. Leo Diff, kesho Banissa, popote palipotafutwa maji. Mimi nilibaki na watoto na sanduku. Mama mkwe alisema nyumba yenye tarumbeta haina baraka, basi nikawa nasikiliza kwa sauti ndogo, redio nimeifunika shuka, nikifua, nikikanda unga, nikinyonyesha. Mwanzoni nilisikia fujo tu. Baadaye nikaanza kuwatambua watu, kama unavyotambua jirani kwa kikohozi chake kabla hajabisha hodi.

Kwetu mtu hukaa na jina la baba yake kwenye kitambulisho tu. Mtaani ana naanays, jina la utani, na mara nyingi ni la kasoro yake. Anayechechemea ni Langare, anaitwa hivyo usoni, anaitika, na watoto wake ni watoto wa Langare. Si tusi. Ndivyo tunavyomtofautisha mtu na wenzake. Basi nami nikawapa wale wanamuziki naanays zao.

Mpiga ngoma wa kaseti nyeusi nilimwita Langare. Alikuwa akichelewa kidogo kila mara, wenzake wamekanyaga na yeye mguu wake bado uko hewani. Wa tarumbeta nilimwita Qufacle, mwenye kikohozi, kwa sababu alianza kila wimbo kama mtu anayesafisha koo ili atoe habari ya msiba. Wa piano nilimwita Digaag, kuku, maana alidonoadonoa huku na huku akaiacha punje iliyo nono. Digaag nilimchukia miaka mingi. Sasa nikikumbuka vidole vile naona alikuwa akiiona ile punje, ila hakuwa na haraka nayo.

Rock sikuipenda sana. Wengi wao ni kama dalali wa mbuzi, anapiga kelele za bei kabla hujauliza. Kaseti moja tu ndiyo iliyonishika, ya mpiga gitaa aliyekuwa na nguvu za kuvunja nyumba lakini akabisha mlango. Na niligundua kwamba upande wa pili wa kaseti karibu kila mara ni bora kuliko wa kwanza. Upande wa kwanza wanajionyesha. Upande wa pili wamesahau kwamba kuna mtu anawasikiliza.

Bishar akirudi, alijilaza mkekani, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. "Arbia, hebu nipe habari za watu wako," aliniambia. Nami nilimpa. Nilimweleza Langare alichofanya, na kwa nini Qufacle alinyamaza katikati ya wimbo. Alicheka, aliuliza, alinibishia. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyewahi kuniuliza naonaje. Laiti ningewapa na wengine maneno yale, dada zangu, jirani, hata mbuzi. Niliyaweka yote kwa mtu mmoja.

Kisha akamwoa Sahro, na haukupita muda akanipa talaka. Hilo sitalirefusha, limewapata wengi. Kwetu nyumba na vilivyomo ni vya mwanamke, mikeka, vyombo, mpaka miti ya kujengea. Lakini Bishar alilitaka sanduku, nami nikakataa, wazee wakaitwa. Abdinoor, ami yake, tuliyemwita adeer kwa heshima, ndiye aliyehukumu.

"Kaseti inapikiwa?" aliuliza.

"Haipikiwi, adeer," nikamjibu, "lakini ndiyo niliyokaa nayo nyumbani."

"Inalaliwa?"

"Hailaliwi."

"Basi si chombo cha nyumba. Ni ya mwanamume."

Wazee wengine wakacheka, mmoja akaniambia kama ndugu, "Mwache achukue makelele yake, walaal, ubaki na usingizi wako." Sanduku likapanda mkokoteni wa punda likaenda. Punda hakuwa na haraka. Nililitazama mpaka kona.

Miaka ikapita, watoto wakakua. Siku moja binti yetu Hani akawasha redio ya simu yake, tukasikia sauti ya baba yake. Mtangazaji, kijana anaitwa Guleid, alikuwa akimsifu. Bishar akasema, "Sasa msikilizeni mpiga ngoma mkubwa, Langare. Wenzake wamekanyaga, yeye mguu wake bado uko hewani."

Nilikaa chini.

Mwalimu mmoja akapiga simu. "Mzee Bishar, huyo Langare ni wa wapi? Jina ni kama la Wajir."

"Ni Mmarekani mwenye asili yetu, mwalimu."

"Kwani kuna Msomali aliyepiga jazz Amerika?"

"Wako wengi tu," alisema Bishar bila kuyumba. "Walitoka na meli zamani."

Hani alicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona sicheki tena. Langare hakutoka na meli. Alitoka kwangu, nikiwa na mtoto mgongoni na mikono kwenye unga. Wiki baada ya wiki Bishar akawa anawatoa watu wangu mmoja mmoja. Qufacle, Digaag, upande wa pili wa kaseti. Neno kwa neno, hata pale nilipokosea.

"Hooyo, piga simu," Hani akaniambia Jumamosi moja kipindi kikiendelea. "Sema ni yako. Kwani utaogopa hadi lini?"

Nikampa simu anibonyezee. Iliposhika, nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwa redio ya jirani, na Kiswahili chote kikanikimbia.

"Haya mama, karibu! Unatupigia kutoka wapi?" aliuliza Guleid.

"Garissa."

"Sote tuko Garissa, mama! Unasemaje?"

"Langare ni jina langu."

"Kumbe Langare ni mama! Njoo studio na ngoma zako!"

Nikasikia watu wakicheka huko ndani. "Siyo hivyo," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa. Wote mimi ndiye niliyewapa."

Bishar akazungumza kwa upole, ule upole wake wa mbele za watu. "Guleid, huyo ni mama wa watoto wangu. Anapenda utani. Zamani alikuwa akituchemshia chai tukisikiliza."

"Asante kwa chai, mama!" Guleid akasema, akaweka wimbo.

Tukisikiliza, alisema. Yeye na nani? Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu waliosikiliza, na mmoja alikuwa akisinzia.

Sikutaka tena redio hiyo iwashwe karibu nami. Lakini wiki iliyofuata, mchana, nimerudi kutoka sokoni, simu ya Hani ikalia. Alikuwa babake, akanitaka mimi.

"Arbia, usikate."

"Sema."

"Guleid amepata albamu mpya. Ni saksafoni na gitaa, jazz na rock pamoja. Wanataka niieleze Jumamosi. Nimeisikiliza, nikairudia." Akashusha pumzi. "Sisikii kitu, Arbia. Nasikia kelele tu."

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa na haki hiyo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Weka simu karibu na spika."

Akaiweka. Saksafoni ilianza chini kabisa, kama mgeni anayesimama nje ya ua asijue kama wenyewe wapo. Gitaa likamjibu kwa ukali. Mgeni hakuondoka. Akauliza tena, polepole zaidi, na gitaa likazidi kufoka, likafoka, kisha saksafoni ikanyamaza ghafla na gitaa likabaki peke yake na hasira yake, halina wa kumfokea. Miaka mingi sikuwa nimesikia kitu kipya. Jina la yule wa saksafoni likanijia papo hapo, zuri kuliko yote niliyowahi kutoa.

"Unamwitaje huyu?" Bishar akauliza. Alikuwa akihema kama mtoto anayesubiri kupakuliwa chakula.

"Utasema ni nani aliyekwambia?"

"Arbia, jamani. Niseme nini hewani? Kwamba nimempigia mke niliyemwacha?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo."

Nyuma yake gitaa lilikuwa bado peke yake.

"Nitaona," akasema.

Hiyo "nitaona" ya Bishar naijua. Aliniambia hivyo nilipomwomba asilichukue sanduku. Nikakata simu.

"Alitaka nini, Hooyo?" Hani akauliza.

"Hakuna kitu."

Jumamosi hakuiweka albamu ile. Aliweka za zamani, Hani ameniambia, akarudia maneno yale ya zamani, na watu wakampigia kumsifu kama kawaida. Jina ninalo hadi leo, na hajatokea mwingine wa kuniuliza. Saksafoni ilikuwa imenyamaza nilipokata, na sijui kama ilirudi.