Kitambaa cha Kisu Nilikifunga Mimi

Nimekosa, jamani! Sizunguki. Mzee mzima, mvi mpaka masikioni, nimesema uwongo mbele ya mwendesha mashtaka, na uwongo wangu nusura umuuwe kijana wa watu.

Mie nauza visu na kunoa, hapa Nizwa, Omani. Shule sikukaa. Nilianza na jiwe moja la kunolea, leo nina duka, na waliosoma wananifanyia kazi mimi. Najisifu, ndiyo! Ningoje nani anisifu?

Kila kisu ninachonoa nakifunga kitambaa, kwa kifundo changu mwenyewe, mteja asijikate njiani. Karibu na Idi akaja Nasoro, jirani yangu, kuchukua kisu cha kwao cha kuchinjia. Nikakifunga, nikamwambia, "Haya, mpelekee kaka yako, mbuzi anangoja."

Kufika tu nyumbani, wakagombana na huyo kaka yake, ugomvi wao wa siku zote wa nani ajenge ghorofa ya juu. Wakakamatana, kisu kimo mkononi. Ncha ikatoboa kitambaa, ikamchoma kaka paja, damu ikakataa kusita. Mungu amrehemu.

Polisi walipokiona kitambaa wakasema: huyu kaja na kisu kakificha, kakusudia. Nasoro analia, "Muulizeni mzee wa visu, kakifunga yeye!"

Mwendesha mashtaka akaniuliza. Nikajibu, "Sijui kakitoa wapi."

Lahaula! Niliogopa duka langu litatajwa kwenye kesi ya damu. Hakuna sababu nyengine. Basi shitaka likawa kuua kwa kukusudia, na hilo adhabu yake kifo.

Asubuhi moja mama yao akaja kwangu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Hakuitika. "Mwanangu mmoja nimemzika. Huyu wa pili unamzika wewe, kwa ajili ya duka?"

Mke wangu akadakia jikoni, "Mwambie, dada yangu! Huyu akinoa kisu cha vitunguu, mtaa mzima unapata habari. Hiki kimoja tu ndicho kakisahau!"

Wallahi, wanawake wale walinisaga nikawa unga.

Nikabeba visu saba vya wateja, vyote nimevifunga vitambaa, nikenda kwa mwendesha mashtaka. Askari wa mlangoni akaruka! "Ya hajj, unakwenda kumfanya nini mwendesha mashtaka?"

"Kuungama!" nikamwambia. "Chukua visu, niachie ulimi."

Mwendesha mashtaka, kijana kama mjukuu wangu, akalinganisha vifundo vyangu na kile cha kitambaa cha Nasoro. Kimoja! Akaniuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Kiburi, mwanangu. Na woga. Nifunge ukitaka."

Shitaka likabadilishwa, likawa kuua bila ya kukusudia. Nasoro kafungwa, lakini atatoka. Na mie nina kesi yangu ya kusema uwongo, na naistahili. Kwenye baraza ya kahawa wananiita Shahidi, nikikaa tu, mtu anauliza, "Leo umeona nini, Shahidi?" Wacha wacheke. Nacheka nao.

Juzi Bi Mkubwa katoka kumtazama mwanawe gerezani, kasimama mlangoni kwangu. "Sijakusamehe," kasema. "Lakini yeye kanenepa, mpumbavu yule. Anauliza hali yako."

Nikalia mbele ya wateja, na haya sikuona.

Wenzangu, hasa nyie wenye majina na maduka! Ukiulizwa ulilolitenda kwa mkono wako, lijibu siku ile ile. Usingoje mpaka mama aje kukuomba mwanawe.