Salamu Kabla ya Muhuri

Karani anayepokea rufaa za wafanyakazi wa serikali hapa Kajiado hashiki karatasi ya mtu kabla ya salamu. Mimi huuza chai kwenye hizo ofisi, na bado sijamaliza kumchunguza. Muhuri huuweka kando, akakunja mikono yenye madoa ya wino, kisha kwa sauti ya taratibu akaulizia mvua, mifugo, watoto, na yule mgonjwa uliyemwacha nyumbani. Wewe umekuja kulalamika kwamba ulibaguliwa kazini, yeye anataka kujua kama nyasi zimeota Oltepesi. Watu wa Kitengela, wenye haraka zao, hutazama saa ya ukutani. Yeye sijawahi kumwona akiitazama.

Jana nesi mmoja, Waris, aliingia akihema, askari akiwa ameshafunga lango nusu. Anasema alinyimwa cheo kwa sababu ya hijabu yake, na siku yake ya mwisho ya kukata rufaa ilikuwa hiyo. Ikichelewa haisikizwi. Gari lilikuwa limewaharibikia njiani kutoka Rombo. Hata hivyo alianza kwa adabu.

“Shikamoo mzee, habari ya—”

“Lete karatasi.”

Nilisimama na birika mkononi. Karani alitupa jicho ukutani, akapiga muhuri, akaandika saa, akapuliza wino hadi ukakauka. Halafu akauweka muhuri kando na kukunja mikono.

“Marahaba, mama. Sasa niambie, huko Rombo mko na mvua?”