Kocha Mkuu Kutoka Marekani Kwenye Benchi Letu

Mume wangu ni dereva wa watalii wanaopanda Mlima Kenya. Jioni moja alinipigia simu nikiwa uwanjani Nyeri na wasichana wangu, akasema ananiletea mgeni ambaye goti limemkatalia mlima.

"Ati huyu mzee alikuwa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani," akasema. "Timu ya kulipwa, zile za kwenye runinga!"

Filimbi nusura initoke mdomoni. Mimi ni mwalimu wa michezo, na futiboli hiyo nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu. Sisi tunacheza ile ya vitambaa: humwangushi mwenye mpira, unamchomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni. Wachezaji wengi ni mabinti wa wakulima wa kahawa wa eneo la Gakindu. Mrushaji wetu ni binti wa familia ya Kihindi yenye duka la nguo mjini, na ndiyo iliyotushonea vitambaa hivyo.

Mzee alifika akichechemea, akakaa kwenye benchi, akapewa chai. Kabla hajaimaliza, wasichana walikuwa wanamwita Guka, yaani babu. Nilimuuliza kazi yake ilikuwaje.

"Nimefutwa kazi mara nne," akasema huku akicheka. "Mara moja nilisikia kwenye redio ya gari, nikielekea mazoezini. Tulihamahama hadi watoto wakachoka kutafuta marafiki wapya. Mke wangu ndiye aliyewalea. Mimi nililala ofisini, nikitazama mechi za wapinzani."

"Na ukiitwa tena?"

"Nitaenda kesho asubuhi!"

Jumamosi tulikuwa na mechi Murang'a, naye akaja. Nilimwomba aiongoze timu. Akakataa katakata.

"Timu ni yako. Mimi nitashika maji."

Mechi ilikuwa moto. Tulilingana pointi hadi dakika ya mwisho, tukabaki na nafasi moja karibu na mstari wao. Nikamgeukia mzee. Akang'aka, "Unaniangalia nini? Wasichana wanakuangalia wewe!"

Nikawaita wasichana. Mkimbiaji wetu wa pembeni, jasho likimtiririka, akasema, "Kocha, huyo wao wa upande ya kushoto amechoka. Mimi bado niko na mbio."

"Basi tunaenda kushoto," nikasema. "Lakini kwanza wadanganyeni kulia."

Mrushaji akajifanya anampa mwenzake mpira kulia. Wapinzani wote wakamiminika huko. Akageuka, akaurusha juu, mbali, kushoto. Nilisahau kupumua. Mkimbiaji akaunyaka kwa ncha za vidole, mkono wa mpinzani ukapita sentimita chache nyuma ya kitambaa chake, akavuka mstari!

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba chupa za maji ziliruka hewani, na mzee alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja, kofia imeanguka, akilia na kucheka, wasichana wamemkumbatia.

Tukiwa njiani kurudi Nyeri alimpigia mkewe simu, akamsimulia mechi nzima huku akipunga mikono. Kisha akamwambia kwamba angependa kuongeza wiki mbili. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo sote tulimsikia mama huyo akiangua kicheko.

"Yaani hata huko Afrika umepata timu?"

"Si yangu," akasema, akinitazama. "Mimi ni msaidizi."

Jumatatu nilimkuta uwanjani amefika kabla yangu, anapanga koni.