Madirisha Tuliyotengeneza na Wifi

Maji yalianza kuingia sebuleni mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zilipoteremka Mbinga. Yalipenya chini ya dirisha la mbele, yakafuata ukuta, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye meza nilipokuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tatu. Niliyaona yakija. Yalipofika kwenye kiatu changu nilisogeza mguu, nikaendelea kusahihisha.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alitoka jikoni akasimama mlangoni.

"Wifi, huyaoni maji haya?"

"Nayaona."

"Unayaona, halafu umekaa?"

Nilifungua daftari jingine. Alichukua gunia tupu, akapiga magoti, akaanza kuyafuta. Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu anayefuta sakafu ya nyumba nyingine.

Mume wangu alikuwa amefariki mwezi wa tisa. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha kahawa, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na makarani wengi wakapunguzwa, naye akiwa mmojawapo. Alikaa nyumbani mwaka mmoja akilima, kisha akaugua siku tisa tu. Siku ya mazishi sikulia. Nilijaribu. Nilifunga macho, nikafikiria mambo ya kuliza, ikawa kama kukamua kitambaa kikavu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani waliniangalia, kisha wakaangaliana. Baadaye nilisikia wakisema mwalimu hana uchungu.

Hatukuwa na mtoto. Kwa hiyo wifi alipobaki baada ya arobaini, huku ndugu wengine wakirudi kwao ziwani, watu walijua sababu: amebaki kulinda nyumba ya kaka yake isichukuliwe na mjane. Huenda ilikuwa hivyo. Sikumuuliza. Alipika, nikala kidogo. Alifua, nikavaa. Nilikwenda shuleni, nikarudi.

Yeye alikuwa mkubwa kwa mume wangu kwa miaka minne. Baba yao alikuwa seremala karibu na Liuli, mtu aliyetengeneza milango na madirisha ya pwani yote ile ya ziwa, na binti huyu ndiye aliyekuwa akimshikia mbao tangu utotoni. Alipoachika alirudi kwa baba yake, akawa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na kurekebisha viti vya watu. Nilijua habari hizo kama mtu anavyojua habari za ukweni. Sikuwahi kumwona akishika nyundo.

Asubuhi ya pili aliizunguka nyumba yote, ndani na nje, akigonga fremu kwa kifundo cha kidole na kuingiza ukucha kwenye nyufa. Mume wangu alikuwa amejenga kwa matofali ya kuchoma, nyumba nzuri kwa mtaa wetu, madirisha sita. Mwanzoni hayakuwa na vioo, tulifunga kwa mbao na maboksi, kwa sababu miaka ile hata msumari ulikuwa wa kuomba. Ilipokuja miaka ya ruksa na maduka yakajaa, alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu kuweka vioo. Alivifuta mwenyewe kila Jumapili kabla ya misa.

"Fundi wenu aliwauzia mbao mbichi za mlingoti," wifi alisema alipomaliza. "Mbao zimekauka zikiwa ukutani, zimejipinda. Jumamosi twende dukani."

"Nenda tu wewe."

"Sijui maduka ya hapa. Twende."

Tulikwenda. Muuza duka alituonyesha vioo vilivyoegemezwa kwenye kreti la nyasi, virefu kuliko mimi. Wifi alipitisha kiganja kwenye kila kimoja kutafuta mawimbi, akachagua viwili, akachagua skrubu na mafuta ya kitani. Vioo tulivifunga kwenye khanga, tukavibeba wawili, yeye mbele, mimi nyuma, tukapita katikati ya soko tukiwa na nguo nyeusi. Watu walitupisha. Mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa anapanga maharage, aliinuka.

"Mwalimu, poleni na safari. Mnajenga tena? Mapema hivi?"

Nilielewa alichouliza. Alikuwa anauliza nyumba inapambwa kwa ajili ya mwanamume gani. Nilisubiri nione kama nitakasirika. Sikukasirika.

Wifi hakusimama. "Mvua inaingia ndani, mama," alisema bila kugeuza kichwa. "Ya kwenu haiingii?"

Tukaendelea na njia yetu.

Tulianza na dirisha la sebuleni. Wifi alinionyesha kwamba maji hayakupita kwenye kioo kama nilivyodhani. Yalifuata ubao wa chini unaotokeza nje, yakazunguka ukingo wake na kurudi ndani kwa chini, maana ubao ulikuwa laini upande wa chini na tone halikuwa na mahali pa kudondokea. Alichukua patasi, akachimba mfereji mwembamba chini ya ubao, kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akamwaga kikombe cha maji juu. Maji yalifika kwenye mfereji, yakasita, yakadondoka nje.

"Umeona?"

"Nimeona."

Alinitazama muda kidogo, kama mtu aliyetegemea zaidi ya hapo.

Dirisha la jikoni lilikuwa limevimba na halikufunga. Nilisema nitaazima randa kwa jirani tulipunguze.

"Hapana," alisema. "Ukiliranda sasa likiwa limelowa, kiangazi litaacha nafasi paka apite. Lisubiri likauke." Alipaka mshumaa kingo zote, akalisukuma kwa nyonga, likaingia. Bawaba zake zilikuwa zinacheza kwa sababu matundu ya skrubu yalikuwa yamepanuka. Aliniambia nichonge vijiti vya mwanzi vyembamba kama njiti za kiberiti, nivijaze kwenye matundu kisha nikaze skrubu humo humo. Nilifanya hivyo. Skrubu zilishika. Nilikaza bawaba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nilipotazama jua lilikuwa limepita utosini. Hilo tu ndilo ninaloweza kulisifia kwa siku zile: kulikuwa na saa nilizokuwa sihitaji kuzihesabu.

Chumba cha pili kilikuwa na kioo kilichopasuka kona hadi kona. Wifi alikuwa amekuja na kisu cha kukatia vioo cha baba yake, chenye kigurudumu kidogo kama punje ya mtama, kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku lake la nguo. Nilishangaa kwamba mtu anayekwenda kwenye mazishi anabeba kitu kama hicho. Alitandika blanketi mezani, akachovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa, akakivuta mara moja tu. Kioo kililia. Akakipeleka kwenye ukingo wa meza, akakibonyeza, kikaachana kama biskuti. Alikikata kiwe kidogo kuliko tundu kwa upana wa ukucha kila upande, ili mbao zikivimba zisikivunje. Udongo wa kubandikia tulitengeneza wenyewe: mimi nilileta vipande vya chaki vilivyokuwa vya kutupwa shuleni, tukavisaga kwenye kinu, akachanganya na mafuta ya kitani na kukanda mpaka ukawa kama ugali mgumu. Alikuwa anaupaka kwa kidole gumba, mstari ulionyooka. Wangu ulikuwa na matuta. Hakuurudia. Aliuacha vile vile, na ulikaa vile vile miaka yote niliyoishi katika nyumba ile.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Sikukipeleka nyuma makusudi, au labda nilifanya hivyo. Wifi aliingia, akavuta dirisha, likakataa. Akainama.

"Nani kapigilia misumari hapa?"

"Mimi."

Ilikuwa misumari minne, ya inchi nne, imezamishwa kwenye fremu mpaka vichwa vimeingia ndani ya mbao. Aliitazama. Kisha akaenda kuchukua nyundo na patasi, akaanza kuchimba kuuzunguka msumari wa kwanza. Nilikaa kitandani. Sikupanga kusema lolote, lakini nilisikia sauti yangu inasema.

Nilimwambia kwamba siku ya pili ya homa kaka yake alikuwa anatetemeka, na dirisha lilikuwa limejipinda halifungi, upepo wa mlimani unaingia moja kwa moja kitandani. Akaniomba nilizibe. Nikalipigilia. Siku ya tisa, mchana, homa ikageuka, akawa anawaka. Akasema, nifungulie dirisha. Nikajaribu kwa panga, nikajaribu kwa mchi. Halikusogea. Nikamwambia ngoja, kesho nitamwita fundi. Akasema, haya. Alifariki jua halijazama, na hakusema neno jingine.

Nilisimulia yote hayo kwa sauti ya kusoma tangazo la shule. Wifi alikuwa ameacha kugonga. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, sikuona ubaya wake.

"Barua yenu ya kwamba anaumwa niliipata Jumatatu," alisema akiwa bado ameelekea dirishani. "Nilikuwa nimeanika usipa. Nikasema ukauke kwanza, ndio nipande gari. Nikauanika siku mbili, mpaka habari za msiba zikanikuta huko huko."

Akaingiza patasi chini ya kichwa cha msumari.

"Njoo ushike hapa," alisema.

Nilishika fremu, akang'oa. Msumari wa kwanza ulitoka mzima, wa pili ukapinda, wa tatu ukapasua mbao. Wa nne alinipa nyundo nikautoa mimi, na ilinichukua muda mrefu. Dirisha lilipofunguka, harufu ya majani mabichi ya kahawa iliingia chumbani. Tulisimama pale. Kisha akasema ubao uliopasuka utahitaji gundi, akatoka kwenda kuitafuta.

Shule zilipofungwa, wifi alifunga sanduku lake. Hakusema lolote kuhusu nyumba, siku hiyo wala baadaye, na hakuna ndugu aliyewahi kuja kuidai. Alisema tu, "Baba hajakuona tangu msiba." Baba mkwe alikuwa na miguu mibaya na hakuweza kupanda Mbinga kumzika mwanawe. Kwa hiyo nilipanda lori pamoja na wifi, tukateremka mlima mpaka joto la ziwa likatupokea, na kesho yake tukatembea ufukweni hadi kwao.

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kibao nje ya karakana yake iliyokuwa haina kazi tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mmesafiri salama?"

"Salama, baba."

Nilijiandaa kwa maswali. Niliyapanga majibu tangu kwenye lori: alikufa vipi, alisema nini, nani alikuwepo. Mzee aliangalia mikono yangu.

"Nasikia mmetengeneza madirisha."

"Ndiyo, baba."

"Ule mfereji chini ya ubao, mmeuweka wapi?"

Nikamweleza katikati. Akatikisa kichwa. "Sogezeni mbele kidogo, karibu na ukingo. Upepo ukiwa mkali tone linaruka." Akaniuliza kuhusu bawaba, nikamweleza vijiti vya mwanzi. Akauliza mbao ni za mti gani, nikamwambia mlingoti, akaguna. Tulizungumza hivyo mpaka chai ikaletwa. Kisha akacheka ghafla.

"Mumeo hakujua randa hata kidogo. Nilimfukuza humu karakana. Alikuwa ananiharibia mbao. Nikamwambia, wewe nenda shule, hapa hapakufai." Alicheka tena, na kicheko kikabadilika kikiwa njiani, akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Wifi aliweka chini kikombe, akatazama ziwani. Mimi nilikaa. Nilimwona mzee akilia, nikajua kwamba anamlilia mume wangu, na nikajua kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuwa nalia hivyo.

Nilikaa kwao likizo nzima. Nilisaidia kuanika samaki, na siku moja nilirekebisha dirisha la chumba cha mzee peke yangu, naye akinielekeza kutoka kwenye kibao chake. Nilirudi Mbinga shule zilipofunguliwa.

Kulia nililia, lakini si wakati huo. Ilikuwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Nilikuwa na debe langu la mahindi, hakuna aliyesema chochote cha huzuni, mashine inapiga kelele, unga unaruka. Machozi yakaanza tu. Yalikuja kwa nguvu mpaka nikashika ukuta. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, nisiyemfahamu, alichukua debe langu akaliweka juu ya lake, akasimama nayo yote mawili. Zamu yangu ilipofika alinigusa bega, akamwaga mahindi yangu kwenye mashine, akashikilia mfuko chini yake mpaka ulipojaa.