Mfereji Usioonekana kutoka Angani

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akibishana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja katika avenyu yetu, nyuma ya Bel-Air, alibisha hodi kwa Mama Victorine, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa. Alijua kila ukuta ulijengwa lini, na mvua ya mwaka gani iliuangusha.

Kisha akaja Bénie, mzaliwa wa Kipushi, aliyeolewa jirani. Watu wa mradi wa mafuriko walimchagua apite nyumba kwa nyumba na simu yake, aulize maji yalifika goti au kiuno, kisha ayaweke yote juu ya picha iliyopigwa na setilaiti. Katika kila mlango alipewa kiti. Victorine, akifagia uani, alisikia jina hilo likipita juu ya ukuta, Bénie, Bénie, na ufagio ukawa mzito mkononi.

"Mama chef, wivu inakukamata?" alimchokoza Léonard, fundi baiskeli.

"Wivu ya nini? Kale katoto kanaangaliaka mabati tu. Chini ya mabati kanajua nini?"

Chini ya mabati ulipita mfereji wa zamani. Watu waliujengea juu mmoja mmoja hadi ukasahaulika, na jiko la Victorine mwenyewe lilikaa juu yake. Kuutaja mfereji kulikuwa ni kulitaja jiko, na jiko lingebomolewa. Kwa hiyo alinyamaza wiki tatu.

Jumapili baada ya misa, picha ikatandikwa katika ukumbi wa parokia. Bénie alionyesha mahali pa kuchimba njia mpya ya maji, na watu wakampigia makofi. Kimya Victorine alikiweza. Makofi hakuyaweza.

"Ile carte iko uongo," alisema akisimama, akiielekezea ile ramani kidole. "Mufereji iko tayari. Batu balijenga juu yake. Weye haukuuliza."

Akamtazama Bénie aone aibu ikimshuka usoni. Haikushuka. Bénie alimpa kalamu nyekundu.

"Miye sikujua, mama. Utuonyeshe."

Victorine akainama juu ya picha. Alianzia kwenye kona ya juu, akapita nyuma ya banda la Léonard, chini ya vyoo, chini ya mabanda ya kuku, mpaka kalamu ikafika kwenye bati dogo lenye kutu. Hapo ikasimama. Angeweza kuupinda mstari kidogo, upite kwa jirani. Nani angegundua? Lakini mstari uliopinda ungekuwa wa mtu asiyejua, na kujua ndicho kitu pekee ambacho Bénie hakuwa amemnyang'anya.

Akauvuta sawasawa, katikati ya bati.

"Mama chef," Léonard alisema polepole, akilitambua jiko, "ile haiko cuisine yako?"

"Iko yangu."

Bénie alifungua simu aandike, na Victorine akamsogelea, macho kwenye vidole vyake.

"Andika muzuri," alisema. "Na uweke jina ya mwenye alikuambia."