Tanuri Lililoangusha Ukuta

Siku ya kwanza kukutana na mtu tuliyekuja kumwita Nguzo, nilimkataa. Nilitafuta wachukuzi wa kuhamisha tanuri la mikate, naye akaja akichechemea, mwembamba kama ufagio, akataka ujira wa watu wawili.

"Kaka, kwa mguu huo mimi ndiye nitakayekubeba wewe," nikamwambia.

Akacheka, akakaa kwenye ngazi za nje. "Haya dada. Ukinihitaji nipo hapa hapa."

Tanuri lilikuwa la chuma, la kuni, zito kama ng'ombe watatu. Nililinunua kwa mwoka mikate aliyefunga duka, baada ya kuuza cherehani na kitanda changu. Mwenye nyumba ya duka hilo alishasema: saa sita mchana anabadilisha kufuli, na kitakachokutwa ndani ni chake.

Saa tatu wanaume wanne niliowachagua kwa upana wa mabega wakaanza kusukuma. Sakafu ilikuwa imeshiba mafuta ya miaka mingi. Viatu vikateleza, tanuri halikusogea hata unywele.

Mimi si mtu wa kukubali kushindwa upesi. Nikawaamuru wakae chini, migongo kwenye ukuta wa nyuma, nyayo kwenye tanuri, wasukume kwa miguu. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba, wa kugawa vyumba tu. Moja, mbili, tatu. Mbao zikalia, ukuta ukalala chumba cha pili, na wanaume wangu wakalala juu yake, miguu hewani. Tanuri likabaki pale pale, limetulia kama bibi harusi.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Nikatoka nje nimenywea.

"Umesikia?" nikamwuliza yule wa kwenye ngazi.

"Nimesikia. Ni ukuta au watu?"

"Vyote viwili. Chukua ujira wako wa watu wawili, kaka. Ingia."

Akatazama sakafu kabla ya kutazama tanuri. "Dada, walikuwa wanasukuma nini?"

"Tanuri."

"Na tanuri likisukuma nini?"

"Tanuri lina mikono?"

Mchukuzi mmoja, akijipangusa vumbi, akadakia: "Mjomba, umekuja kubeba au kufungua darasa?"

"Aliyepigwa teke na chuma ni wewe, mpwa wangu, si mimi."

Wenzake wakamcheka, lakini wakasogea kusikiliza. Akatueleza kwamba ukilisukuma tanuri, nalo linakusukuma wewe, kwa nguvu ile ile, halipunguzi hata kidogo. Nguvu hiyo ikapita miguuni mwao, ikatokea migongoni, ikaishia kwenye mbao. Mbao hazikuwa na ubavu wa kuirudisha, basi zikaondoka zao.

"Haya umeyajulia wapi?" nikauliza.

Akagusa goti lake. Zamani, kwenye kituo cha mizigo, aliruka kutoka kwenye mkokoteni mtupu ili atue kwenye jukwaa. Alidhani anayekwenda ni yeye peke yake. Miguu yake ikausukuma mkokoteni nyuma, ukamkimbia, akaangukia ukingoni. "Tangu hapo nauliza kwanza nimekanyaga nini."

Akawaambia wamwage majivu ya tanuri pale watakapokanyaga, miguu isiteleze. Akainua tanuri kwa mtaimbo, upande mmoja baada ya mwingine, wakapenyeza mabomba ya chuma chini yake yawe magurudumu. Ukuta ulipoanguka ulikuwa umefichua nguzo mbili za zege. Akalaza boriti ndefu kati ya nguzo hizo na migongo ya watu. "Sasa sukumeni. Hizi hazina pa kwenda."

Chuma kikaguna, kikaanza kubingirika. Kufika mlangoni nilikuwa nasukuma na mimi, majivu hadi magotini. Mwenye nyumba alikuja na kufuli jipya akakuta gari la mizigo linaondoka na tanuri.

Ukuta wake nilimjengea upya, na sikununa. Tanuri limenilea mimi na wanangu miaka kumi na minne, na nilipolinunulia wenzake wawili, aliyeyahamisha yote ni Nguzo. Yeye alipata kazi ya kudumu, pamoja na haki ambayo hakuna mwingine aliye nayo kwenye kiwanda changu cha mikate: akisema "ngoja", hata mimi nangoja. Nilipoteza raha ya kuamuru kila kitu. Nimefanya biashara nyingi maishani, na kwa hii, ya kutoa amri yangu nikapata akili yake, namshukuru kila asubuhi mikate inapotoka.